Kiingereza cha miezi mitatu: breveti isiyopimwa ni karatasi tu

Kolwezi – Kutoka Manika hadi Dilala, kuta za mji zinasema Kiingereza. Vibao vingine vimepakwa rangi ukutani, vingine ni karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, vingine vinapita kwenye simu za vijana kupitia WhatsApp. Maneno yanafanana: jifunze Kiingereza kwa miezi mitatu, pata breveti, pata kazi migodini.

Hapo kuna ahadi tatu. Ya kwanza ni uongo wa hesabu. Ya pili ni karatasi ambayo mara nyingi hakuna mtu wa nje aliyeipima. Ya tatu haimo mikononi mwa anayeahidi, maana mwenye kituo cha Kiingereza si yeye anayeajiri. Hata hivyo vijana wanalipa, na wazazi wanakopa ili walipe. Viongozi wa jimbo wanapita mbele ya vibao hivyo kila siku, na vibao vinabaki pale pale.

Wasikilizaji wengi wanajua nani hasa analipa. Si mtoto wa tajiri, huyo atapelekwa Lusaka au Afrika Kusini. Anayelipa ni kijana wa Musonoi, wa Luilu, wa Kapata, ambaye baba yake alizeeka bila malipo ya mwisho. Anayelipa ni familia iliyofika kutoka Kasai baada ya vita vya 2016 na 2017, au kutoka kaskazini ya Katanga, au kutoka mashariki ya nchi, ikiwa na mabegi mawili na watoto watano. Anayelipa pia ni familia iliyohamishwa na mgodi hapa hapa. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa wa Kasulo ilifungwa ili kuchimba, na watu wakaondolewa katika nyumba zao. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa sababu ya migodi ya shaba na kobalti ndani ya mji na kandokando yake. Pesa ya kuhamishwa ikiisha kununua mabati, kinachobaki kinapelekwa kwenye kitu ambacho kila mtu anasema kitamwokoa mtoto: Kiingereza.

Ndiyo maana jambo hili si dogo. Mtu aliyepoteza nyumba anauziwa tumaini, na hakuna anayehakikisha kwamba alichouziwa kipo.

Tuanze na hesabu

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa ngazi sita za kupima lugha: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Leo dunia nzima inazitumia. A1 ni mtu anayeanza: anasema jina lake, anauliza bei. A2 anaweza kueleza mambo ya kila siku kwa sentensi fupi. B1 anaweza kujieleza kazini juu ya mambo anayoyazoea. B2 anaweza kufuata majadiliano ya kiufundi katika fani yake mwenyewe. Fundi wa umeme anayetaka kukaa mezani na injinia wa kigeni na kubishana juu ya mashine, ngazi yake ni hiyo ya B2.

Cambridge, moja ya taasisi kubwa za kupima Kiingereza duniani, inakadiria masaa ya kusoma na mwalimu ambayo mtu anayeanza sifuri anahitaji. Kufika A1 ni masaa 90 hadi 100. Kufika A2 ni 180 hadi 200. Kufika B1 ni 350 hadi 400. Kufika B2 ni 500 hadi 600.

Sasa chukua kituo kinachofundisha mara tatu kwa juma, masaa mawili kila mara. Ni masaa sita kwa juma. Miezi mitatu ina majuma 12. Jumla ni masaa 72. Mtu aliyeanza sifuri, baada ya masaa 72, hajafika hata A1. Na kituo kinachofundisha kila siku tano za kazi, masaa mawili kwa siku? Hapo ni masaa 120. Amepita A1, lakini A2 bado iko mbali. Kufika B1 kwa masaa sita ya juma kunahitaji zaidi ya mwaka mzima, bila kuhesabu sikukuu, bila kuhesabu siku ambazo umeme umekatika na darasa limefungwa.

Kuna watakaosema: lakini kijana wetu hakuanza sifuri, alisoma Kiingereza sekondari, na katika Exetat siku ya lugha alijibu maswali ya Kiingereza. Ni kweli. Kuna vijana wanaoingia wakiwa na msingi mzuri, na hao wanaweza kusonga haraka. Basi kituo kiwapime siku ya kwanza, kiwaweke kwenye darasa linalowafaa, na kiwaambie wapo ngazi gani. Kituo kinachowaweka darasa moja aliyemaliza humanités na mama ambaye hakumaliza shule ya msingi, kisha kikawapa breveti moja siku moja, kimekiri chenyewe kwamba hakikupima kitu.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Katika Kiingereza cha miezi mitatu, haraka ina baraka kwa mtu mmoja tu, yule anayepokea minervali.

Karatasi ipi, na nani aliipima?

Muulize mwenye kituo kama anatambuliwa. Wengi watakuonyesha kitu kilichoandikwa juu ya kibao: namba ya RCCM. Herufi hizo zinaonekana nzito, na mzazi anarudi nyumbani ametulia. Lakini RCCM ni daftari la wafanyabiashara. Linasema mtu huyu ameandikishwa kufanya biashara. Mwenye duka la unga anayo, mwenye hoteli anayo, muuza matairi anayo. Daftari hilo halijawahi kusikiliza mwanafunzi hata mmoja akisema Kiingereza.

Wengine watakuonyesha agrema, yaani kibali. Hicho ni kikubwa zaidi, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka shule ya binafsi iwe na kibali cha serikali. Ni vizuri kukidai. Lakini kibali ni ruhusa ya kufungua mlango. Hakisemi kinachotokea ndani ya mlango mwaka baada ya mwaka: nani anafundisha, kwa kitabu gani, kwa masaa mangapi, na mtihani unasahihishwa na nani.

Watanzania wana neno kwa hatua ya pili: ithibati. Kwao, NACTVET, chombo kinachosimamia vyuo vya ufundi, hutenganisha mambo mawili. Kwanza chuo kinasajiliwa. Kisha kinapimwa kama mafunzo yake yanafikia kiwango, na hapo ndipo kinapata ithibati. Zambia, jirani wa Lualaba, ina TEVETA, iliyowekwa na sheria ya 1998, ambayo kazi yake ni kusajili vyuo vya ufundi na kuangalia ubora wake. Kenya ilipitisha sheria yake ya vyuo vya ufundi mwaka 2013 na kuunda chombo cha kuvisimamia. Nchi hizi si peponi. Vyuo vya uongo vipo huko pia. Lakini mzazi wa Ndola au wa Mwanza ana mahali pa kuuliza: je, chuo hiki kimepimwa? Mzazi wa Kolwezi anauliza jirani yake, na jirani naye alimwuliza mwenye kituo.

Hata nchi zenye Kiingereza chao zilipata funzo kwa gharama. Desemba 2010 Marekani ilipitisha sheria kwamba shule ya Kiingereza inayotaka kupokea wanafunzi wa kigeni kwa visa lazima iwe imepata ithibati kutoka chombo kinachotambuliwa. Viwango wanavyoangalia si siri: mpango wa masomo ulioandikwa kwa ngazi, walimu waliosomea kazi hiyo, mtihani unaopima kile kilichofundishwa, matangazo yasiyodanganya, bei iliyo wazi, na njia ya mwanafunzi kulalamika akajibiwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji jengo la ghorofa. Kinahitaji ukweli na daftari.

Uingereza yenyewe ilipigwa na aibu mwaka 2014. Televisheni ya BBC ilionyesha watu wakifanyiwa mtihani wa Kiingereza na watu wengine katika vituo vya mitihani. Serikali ikageuka kwa hasira, na matokeo zaidi ya 30,000 yakahesabiwa kuwa batili. Wanafunzi wengi waliokuwa wamefanya mtihani wao wenyewe walipoteza visa na masomo pamoja na wadanganyifu, na kesi zilidumu miaka. Hilo ndilo funzo kwa Lualaba. Mtihani usiosimamiwa hauishii kumnufaisha mwongo. Mwisho wake unamwangusha mkweli, maana mwajiri akishachoka kudanganywa, hatambui tena karatasi ya mtu yeyote. Kijana aliyesoma miaka miwili kwa bidii anaweka breveti yake juu ya meza, na mwenye ofisi anaisukuma pembeni bila kuisoma.

Migodi nayo ijibu

Itakuwa si haki kuwalaumu wenye vituo peke yao. Nani aliyeleta njaa hii ya Kiingereza? Migodi. Wawekezaji wa Kolwezi na Fungurume wanatoka Uswisi, Kanada, China, Kazakhstan, na wafanyakazi wao wakubwa wanatoka Afrika Kusini, Zambia na kwingineko. Barua zinaandikwa kwa Kiingereza, mashine zinakuja na vitabu vya Kiingereza. Malori ya shaba yanaenda Dar es Salaam na Durban. Kongo iliingia SADC mwaka 1997 na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Na si jambo la jana: reli ilipofika Élisabethville kutoka kusini mwaka 1910, Kiingereza kilishuka pamoja na mabehewa. Hakuna anayeweza kumwambia kijana wa Kolwezi asitafute lugha hii.

Lakini angalia tangazo la kazi. Linasema: ujuzi wa Kiingereza unatakiwa. Ujuzi gani? Dereva wa lori kubwa anahitaji Kiingereza kile kile cha mhasibu? Mpishi wa kambi anahitaji kile kile cha fundi wa maabara? Tangazo halisemi. Na kwa sababu halisemi, kijana anakimbilia karatasi yoyote yenye neno Kiingereza. Kompani inayoandika tangazo bila ngazi ndiyo inayomnenepesha mwuza breveti. Ingeandika tu: kazi hii inahitaji A2 ya kusema, kazi ile inahitaji B1 ya kusoma na kuandika, na kompani itampima mwenyewe kila anayeomba. Siku hiyo hiyo nusu ya vibao ukutani ingepoteza nguvu.

Kuna pia suala la uhai. Mgodini lugha si mapambo. Shaba na kobalti ya hapa huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inasafiri kwa malori katika barabara zile zile za mabasi na pikipiki. Februari 2019 lori lililobeba asidi lilipata ajali katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, na karibu watu 20 walikufa. Ajali ile haikuletwa na Kiingereza, na asitokee mtu wa kusema hivyo. Lakini inakumbusha aina ya hatari iliyopo. Mtu anayesimama karibu na tangi, na maandishi ya hatari juu yake, akiwa na breveti inayosema anasoma lugha ambayo hasomi, ameuziwa hatari pamoja na karatasi. Wakubwa wake wanaamini anaelewa. Yeye anaogopa kusema haelewi, maana breveti imo kwenye faili lake. Na tuseme pia upande wa pili: kompani inayoweka onyo la hatari kwa Kiingereza au Kichina peke yake, mahali ambapo wafanyakazi wanasema Kiswahili na Kifaransa, ina deni kwa wafanyakazi wake ambalo hakuna darasa la jioni litakalolilipa.

Pesa ipo

Jibu la viongozi hujulikana kabla hawajalisema: serikali haina pesa. Katika jimbo linalochimba kobalti ya dunia, jibu hilo limechakaa.

Kompani zinalipa kisheria mchango kwa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964. Mchango huo unahesabiwa kwa mishahara ya wafanyakazi, na kusudi lake ni mafunzo. Kodi ya migodi iliyobadilishwa Machi 2018 inataka kila kompani inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi, na tena isaini makubaliano ya kazi za jamii pamoja nazo. Katika mrabaha wa madini, asilimia 25 inaenda kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka za chini ambapo mgodi upo. Nani anaweza kusema kwa uso mkavu kwamba katika fedha hizo zote haipatikani ya kulipa wapimaji wanne wa Kiingereza na chumba cha mtihani?

Hakuna anayeomba serikali ifungue vituo 50. Vituo vipo tayari, walimu wapo tayari. ISP za nchi hii zinatoa kila mwaka vijana waliosomea kufundisha Kiingereza, na wengi wao wanasubiri mshahara wa serikali usiokuja. Wapo wanaofundisha vizuri, katika vyumba vya kukodi, kwa pesa kidogo, wakinakili vitabu kwa mkono. Ndio wanaoumizwa kwanza na soko hili. Mwalimu mkweli anasema: itachukua mwaka mmoja na nusu. Mwongo aliye ng'ambo ya barabara anasema: miezi mitatu. Nani atapata wanafunzi? Kipimo cha haki kingemlinda mwalimu mkweli kuliko mtu mwingine yeyote.

Wanaopinga

Wapo wanaopinga, na hoja zao zisikilizwe.

Wa kwanza wanasema: Kiingereza kidogo ni bora kuliko sifuri, mwacheni masikini apate hicho kidogo. Ni sawa kabisa. Anayeuza kilo moja ya unga auze kilo moja, na mnunuzi mwenye pesa ya kilo moja anunue kilo moja. Kosa linaanza pale anapoandika kilo kumi juu ya mfuko. Kozi ya masaa 72 inaweza kuwa kozi nzuri ya kuanza. Iitwe hivyo: kozi ya kuanza, masaa 72, mwanafunzi anasogea kuelekea A1. Isiitwe Kiingereza cha kazi.

Wa pili ndio wenye hoja nzito. Wanasema: mkileta ukaguzi, mnaleta inspekta, na inspekta anakuja na mkono wazi. Mwenye pesa atapata karatasi ya pili, mwalimu masikini atafungiwa mlango, na mzazi atalipa yote kwenye minervali. Kila mtu anayeishi nchi hii anajua kwamba maneno haya hayakutoka hewani. Lakini dawa ya hongo si kuacha kupima. Dawa ni kupima kitu ambacho hakiwezi kufichwa. Ofisi inayotoa mhuri chumbani inaweza kununuliwa. Ni vigumu zaidi kununua mtihani unaofanywa mbele ya watu, mahali pamoja kwa wanafunzi wa vituo vyote, ukisahihishwa na watu ambao hawajui mwanafunzi ametoka kituo gani, na matokeo ya kila kituo yakisomwa redioni kwa jina la kituo. Usiwapime wenye vituo kwa makaratasi yao. Wapimeni kwa midomo ya wanafunzi wao.

Wa tatu wanasema mambo haya ni ya Kinshasa, jimbo halina uwezo wa kisheria. Basi jimbo lifanye yale yasiyohitaji sheria mpya. Kuchapisha orodha si sheria mpya. Kuita kompani, INPP, ISP na wenye vituo kwenye meza moja si sheria mpya. Kukataza tangazo la uongo ukutani ni kazi ya meya, na meya yupo.

Kinachodaiwa

Madai yenyewe ni manne, na hakuna lisilowezekana kabla mwaka wa masomo kwisha.

Kwanza, kila kituo kiandike mlangoni, kwa Kiswahili na Kifaransa: masaa ya kozi, ngazi ambayo mwanafunzi anatarajiwa kufika, diploma ya mwalimu, na bei yote tangu kuandikishwa hadi breveti. Bei ya breveti isifichwe mpaka siku ya mwisho.

Pili, mtihani wa pamoja mara mbili kwa mwaka, mahali pamoja kama INPP, kwa sehemu nne: kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika. Breveti itaje ngazi na alama za kila sehemu. Gharama itoke kwenye fedha za jamii za migodi, si mfukoni mwa mwanafunzi, na familia zilizohamishwa ziwe za kwanza.

Tatu, kompani zitaje ngazi katika kila tangazo la kazi, na ONEM ikatae kubandika tangazo lisiloitaja.

Nne, orodha ya vituo na matokeo yake itangazwe redioni kwa Kiswahili. Mama wa Kasulo asihitaji intaneti ili kujua kituo kipi kinasema kweli.

Kabla ya kulipa

Viongozi wanaweza kuchelewa. Juma lijalo kuna mzazi atakayetoa pesa. Huyo na aende na kalamu, aulize maswali haya kabla ya kufungua mfuko:

Kozi ina masaa mangapi kwa jumla? Si miezi, masaa. Kisha agawe bei yote kwa masaa hayo, alinganishe na kituo kingine. Kozi inayoonekana rahisi mara nyingi ndiyo ghali, saa kwa saa.

Mtoto atapimwa siku ya kwanza ili ajulikane anaanzia wapi?

Mwalimu alisomea wapi, na je, ndiye atakayefundisha kweli, au ni jina la kwenye kibao tu?

Nani anasahihisha mtihani wa mwisho? Kama ni mwalimu huyo huyo, breveti ni neno la mwuzaji juu ya bidhaa yake.

Kuna mtu aliyemaliza hapa mwaka jana ambaye mzazi anaweza kuzungumza naye? Na huyo azungumze Kiingereza dakika tano na mtu anayekijua.

Kama mwalimu akikimbia au kituo kikifungwa, pesa inarudi? Iandikwe kwenye risiti. Na risiti idaiwe kila mara, hata kwa faranga chache.

Kituo kinachojibu maswali hayo bila kukasirika kinastahili kufikiriwa. Kituo kinachokasirika kimeshajibu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi sasa Kiingereza kibaya kinajitembeza Kolwezi, kimevaa suti na kina mhuri. Kinaingia katika nyumba za watu ambao wamekwisha kupoteza shamba, mtaa na kazi, na kinawaomba dola zao za mwisho. Gavana, wabunge wa jimbo, meya na wakubwa wa migodi wanajua. Mtihani mmoja wa wazi ungetosha kuanza kutenganisha mwalimu na mwuza karatasi. Kila muhula unaopita bila mtihani huo, kuna familia inalipa mara ya pili kwa kitu kile kile, na kijana wake anarudi kwenye foleni ya ofisi ya ajira na breveti ambayo hakuna anayetaka kuisoma.